Uzi: Ni nani aliyeipa programu mpya ruhusa ya kufungua faili zangu za PDF?

#1 Mchapaji_RiverRoad

Habari wanajamvi. Nina duka dogo la kuchapisha huku River Road, na swali langu ni hili: mtumiaji akishachagua programu ya kufungulia aina fulani ya faili, na kuiambia Windows waziwazi kwamba iitumie daima, ni nani mwenye mamlaka ya kulitengua chaguo hilo bila kumuuliza?

Tulinunua skana, tukasakinisha programu iliyokuja nayo, na ndani ya kifurushi hicho mlikuwa na kisomaji cha PDF ambacho hatukukihitaji. Kufikia jioni, kila faili ya PDF iliyobofywa mara mbili ilikuwa ikifunguliwa na kisomaji hicho. Mtu anaweza kusema hilo ni jambo dogo, lakini kisomaji chetu cha zamani nilikuwa nimekipangia kuchapisha kwa ukubwa halisi, ilhali hiki kipya huupunguza ukurasa ili uenee katika eneo linalochapika. Kadi za wafanyakazi zenye upana wa milimita 85.6 zilitoka zikiwa na milimita 83. Kwa jicho huoni tofauti yoyote. Ukiiingiza karatasi kwenye mashine ya kukatia ndipo unapogundua kwamba kadi moja ina ukingo mweupe na nyingine imebeba kipande cha jirani yake. Karatasi ya plastiki ikishakatwa hivyo haina kazi tena.

Mashine ni laptopu ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, yenye Windows 10. Naomba maelezo ya sababu hasa, kwa maana namna ya kulirudisha chaguo langu naijua.

#2 Kiranja_Umoja

Pole kwa hasara, lakini jibu ni fupi: mlibofya "Endelea, Endelea, Maliza" bila kusoma. Programu nyingi, wakati wa kusakinishwa, huwa na kisanduku kidogo ambacho aghalabu kimekwisha kutiwa tiki, kinachosema kwamba programu hii iwe ndiyo ya kufungulia faili za aina fulani. WinRAR, kwa mfano, hukuonyesha orodha nzima ya viendelezi (zile herufi za mwisho wa jina la faili, kama .pdf) mwishoni, na ukikubali bila kutazama umekubali vyote vilivyotiwa tiki. Chagua usakinishaji maalumu, ondoa tiki, kisha uendelee na shughuli zako.

#3 Mchapaji_RiverRoad

@Kiranja_Umoja, ahsante, ila nilisoma kila ukurasa, kwa sababu nilikuwa nikikwepa ule upau wa utafutaji ambao programu za namna hii hupenda kuuchomeka kwenye kivinjari. Kisanduku cha viendelezi hakikuwapo, hata katika usakinishaji maalumu. Niliulizwa lugha, folda, na kama nataka ikoni kwenye eneokazi, basi.

#4 Fundi_Ngara

Mchapaji ana haki ya kuuliza, na Kiranja amejibu swali la enzi za Windows XP. Tuanze na mahali ambapo uamuzi wenyewe huhifadhiwa.

Katika rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake, kuna tawi liitwalo HKEY_CLASSES_ROOT, ambalo kwa kweli ni muungano wa matawi mawili: moja la mashine nzima, HKLM\Software\Classes, na jingine la mtumiaji mmoja, HKCU\Software\Classes. Matawi hayo yakigongana, la mtumiaji ndilo linaloshinda. Hapo ndipo kiendelezi .pdf kinapoelekezwa kwenye kitambulisho cha programu, na kitambulisho kikaelekezwa kwenye amri ya kufungulia. Juu ya hayo yote, tangu Windows Vista, kuna ufunguo uitwao UserChoice, nao ndio unaobeba chaguo ulilolifanya kwa mkono wako. UserChoice ikiwapo na ikiwa sahihi, hayo mengine hayatazamwi.

Tangu Vista hiyohiyo, ufunguo huo umelindwa kwa hashi inayokokotolewa kutokana na kiendelezi, kitambulisho cha programu, kitambulisho cha usalama cha akaunti ya mtumiaji (SID), wakati ufunguo ulipoandikwa, na maneno fulani yasiyobadilika yaliyofichwa ndani ya Windows yenyewe. Hashi hiyo ni kama muhuri wa chifu kwenye barua: barua inaweza kuandikwa na yeyote, lakini bila muhuri haipokelewi. Maelezo yangu basi ni haya: programu ya skana iliandika jina lake katika UserChoice kimabavu, hashi haikulingana, Windows ikaona mpangilio umeharibika, ikautupa.

#5 Mkaguzi_SouthB

Fundi ameeleza vizuri, lakini mambo mawili yanahitaji kurekebishwa kabla hayajanukuliwa kwingine.

Kwanza, UserChoice ilianza na Vista, lakini hashi ilikuja na Windows 8 mwaka 2012. Katika Vista na Windows 7 ulinzi uliokuwapo ni katazo la ruhusa kwenye ufunguo wenyewe, yaani programu ilizuiwa kuandika ndani yake. Kwa hiyo waliokuwa na nia mbaya waliufuta ufunguo mzima, kisha wakauandika upya. Katazo hilo lilidumu kadiri lilivyodumu.

Pili, hashi isipolingana katika Windows 10, faili haipewi mgeni. Windows hulirudisha chaguo kwenye programu yake yenyewe, ambayo kwa PDF ni Edge, na kukupa taarifa pembeni mwa skrini kwamba kuna programu iliyoleta tatizo katika mipangilio na kwa hiyo mipangilio imerejeshwa. Mchapaji hajasema lolote kuhusu Edge. Amesema faili zilichukuliwa na kisomaji kilekile kilichosakinishwa. Maelezo ya Fundi yanatufikisha mlangoni lakini hayatuingizi ndani.

#6 Fundi_Ngara

Tarehe haibadilishi hoja. Ila hilo la Edge lina uzito. Mchapaji, uliona taarifa yoyote pembeni mwa skrini?

#7 Mchapaji_RiverRoad

Taarifa zote nilizizima siku ya kwanza, maana zilikuwa zikijitokeza mbele ya wateja. Kwa hiyo siwezi kusema ilikuwapo au haikuwapo. Edge haikufungua faili yoyote, hilo nina hakika nalo.

#8 Mwalimu_Kasarani

Haya ndiyo malipo ya kuishi katika nyumba ambayo mwenye nyumba na wapangaji wake wote wana ufunguo wa chumba chako. Hameni, wandugu. Katika Linux chaguo lako hukaa katika faili ya maandishi, ~/.config/mimeapps.list, unayoweza kuifungua na kuisoma kama barua ya nyumbani. Programu mpya hujitambulisha katika /usr/share/applications na kusema aina za faili inazoziweza, lakini haigusi faili yako.

#9 Mkaguzi_SouthB

Mwalimu, simulia na upande wa pili. Mtu ambaye hajaandika chochote katika mimeapps.list hana chaguo la kulindwa, na hapo mfumo huchukua programu kutoka kwenye orodha ya jumla ya zile zilizojitambulisha. Ukisakinisha programu ya kuchora inayoweza kusoma PDF, si ajabu kesho yake ukibofya risiti ya stima ikafunguliwa katika programu ya kuchora.

#10 Mwalimu_Kasarani

Risiti ya stima imenikuta, tena mbele ya darasa zima, na wanafunzi wakadhani ni sehemu ya somo. Hata hivyo nililiona tatizo kwa amri moja, `xdg-mime query default application/pdf`, nikalitatua kwa nyingine. Mchapaji ameambiwa afungue rejista yenye matawi na hashi. Nani kati yetu anaishi kwa amani?

#11 Mhasibu_Buruburu

Naomba niongeze kisa cha kiofisi kabla Mwalimu hajatuhamisha sote. Kila mwaka kuelekea tarehe 30 Juni, wateja huniletea marejesho ya kodi niyajaze. Fomu ya Excel ya iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya, ina makro: unajaza, unabofya kitufe cha kuthibitisha, nayo inakutengenezea faili ya zip ya kupakia. Mwaka mmoja karani wangu alisakinisha programu nyingine ya ofisi kwa ajili ya kuhariri barua za mteja mmoja tu. Kuanzia hapo kila faili ya Excel ilifunguliwa na hiyo mpya. Fomu ilionekana sawasawa, rangi zilekile, safu zilezile, ila kitufe cha kuthibitisha kilikuwa kimekufa, kwa sababu makro za fomu hazikuwa zikitekelezwa humo. Karani alishinda akidhani mtandao ndio mbovu.

Kinachonisumbua ni kwamba ikoni za faili nazo zilibadilika, na ukiziona utasema kompyuta imekubali kwa hiari. Kwa kawaida mtu haitilii shaka faili yenye ikoni nzuri.

#12 Kiranja_Umoja

Mhasibu, kuna fomu ya ODS pia kwa wasiotumia Excel. Ungepakua hiyo.

#13 Mhasibu_Buruburu

@Kiranja_Umoja, naijua. Lakini mteja aliyekwisha kujaza kurasa tano katika fomu ya Excel hawezi kuambiwa aanze upya tarehe 29 Juni. Na swali la uzi ni kwa nini programu ilichukua kisicho chake, wala si namna ya kuishi nayo.

#14 Mtunzi_wa_Programu

Nitasema kitu ambacho hakitapendwa. Mimi hutengeneza programu za biashara na huzifunga kwa Inno Setup, zana ya kutengenezea visakinishi, na ninaweza kueleza jambo hili linavyoonekana kutoka upande wa pili wa kaunta.

Njia sahihi, kwa mujibu wa mwongozo wa Microsoft, ni programu kujiandikisha kama mojawapo ya zinazoweza kufungua kiendelezi fulani, kupitia OpenWithProgids na orodha ya programu zilizosajiliwa, kisha kumwachia mtumiaji achague. Nilifanya hivyo katika toleo la kwanza la programu yangu ya kusoma ripoti. Wateja walinipigia simu wiki nzima: "Tumesakinisha, tumebofya faili, haifunguki na programu yako." Mwenye duka aliyelipia programu hataki kuelezwa habari za kubofya kwa kitufe cha kulia. Anataka alichokinunua kifanye kazi. Katika toleo la pili niliweka kisanduku chenye tiki, na simu zikakoma.

Kwa hiyo si kila mtunzi ni mwizi. Wapo waroho, sikatai, na anayekuuzia skana hana sababu ya msingi ya kutaka PDF zako zote. Lakini mtumiaji anayelalamika kwamba programu imechukua faili zake na mtumiaji anayelalamika kwamba haikuzichukua wameketi katika matatu moja, na mimi ndiye kondakta.

Kuhusu Inno Setup, kuna watu hudhani agizo la ChangesAssociations ndilo linalobadilisha mambo. Hilo huiambia tu Windows iburudishe ikoni na taarifa za viendelezi mwishoni. Anayebadilisha ni yule anayeandika katika sehemu ya rejista, na akiandika upande wa mashine nzima, mtumiaji mwenye UserChoice yake haguswi.

#15 Msimamizi_Maabara

Mtunzi amegusa jambo ambalo huenda ndilo jibu. Programu zikiandika upande wa mashine tu, mwenye UserChoice yake haguswi. Lakini je, ile UserChoice ya Mchapaji ilikuwa bado ina maana? Vitambulisho vingine vya programu hubeba nambari ya toleo. Kisomaji chake cha zamani kikijiboresha kutoka toleo moja hadi jingine, kitambulisho cha zamani kinaweza kufutwa, na UserChoice ikabaki ikielekeza kwenye jina ambalo halina mtu. Hapo Windows huangalia tena nani yupo, na aliyeandikwa upande wa mashine nzima ndiye huyo wa skana. Programu haikunyang'anya kitu; ilikuta kiti kitupu.

Katika maabara yetu tuliona jambo hili baada ya likizo, mashine zote zilipojiboresha kwa pamoja.

#16 Fundi_Ngara

Hilo la kiti kitupu linaweza kupimwa. Mchapaji, fungua regedit, nenda HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.pdf\UserChoice, usome thamani ya ProgId, yaani kile kitambulisho cha programu. Ikiwa ni jina la kisomaji cha zamani, Msimamizi ameshinda. Ikiwa ni jina la kisomaji cha skana, kuna mkono ulioandika.

#17 Mzalendo_Donholm

Wakati tunamsubiri, tusiwasahau wakubwa wenyewe. Windows 10 ilipotolewa mwishoni mwa Julai 2015, mtu aliyeboresha mfumo kwa njia ya haraka alijikuta kivinjari chake kimebadilishwa na Edge, na Chris Beard, aliyekuwa mkuu wa Mozilla, alimwandikia Satya Nadella barua ya wazi kulalamikia jambo hilohilo. Windows 11 ilipokuja mwaka 2021, ilikulazimu ubadilishe kiendelezi kimoja kimoja, .htm peke yake na .html peke yake, mpaka mwaka 2022 waliporudisha kitufe kimoja cha kivinjari. Anayetunga sheria ya uwanja naye ni mchezaji.

Na wachezaji wengine hawakukaa kimya. Mwaka 2021 Firefox ilianza kujiweka yenyewe kuwa kivinjari cha kwanza kwa mbofyo mmoja, kwa sababu wahandisi wa Mozilla walichambua namna hashi inavyokokotolewa wakaitengeneza wenyewe. Kwa hiyo hashi si siri tena, na programu ya skana inaweza kufanya vivyo hivyo. Hayo ndiyo maelezo yangu: jina la mgeni liliandikwa pamoja na hashi halali ya kughushi, na Windows haikuwa na cha kulalamikia.

#18 Mkaguzi_SouthB

Hilo liliwezekana hadi mwanzoni mwa 2024. Tangu hapo masasisho ya Windows 10 na 11 yalileta draiva iitwayo UCPD, ambayo kazi yake ni kuzuia programu zisizo za Microsoft kuandika katika UserChoice ya .pdf na ya anwani za http na https, hata zikiwa na hashi sahihi. Mashine yenye masasisho hayo haighushiki kirahisi upande wa PDF.

#19 Mchapaji_RiverRoad

Nimerudi. ProgId ni ya kisomaji cha skana. Kuhusu masasisho, ninatumia bando za simu, na masasisho ya Windows yanaweza kumaliza bando ya wiki kabla mteja wa kwanza hajafika, kwa hiyo nimeyasimamisha kwa muda mrefu. Sijui ni lini yaliingia mara ya mwisho.

#20 Fundi_Ngara

Basi kiti hakikuwa kitupu. Kuna aliyeandika.

#21 Msimamizi_Maabara

Si lazima. Chaguo likiwa batili, Windows huuliza tena "Unataka kufungua faili hii kwa programu gani?", na mtu akijibu, jibu lake ndilo linaloandikwa katika UserChoice, lenye hashi halali kabisa. Kiti kilikuwa kitupu asubuhi, kikakaliwa mchana.

Kuna jambo jingine la kuuliza pia. Laptopu za ex-UK nyingi zilikuwa za ofisi. Katika ofisi, msimamizi anaweza kuhamisha orodha ya programu chaguo-msingi kwa DISM, zana ya amri ya Windows, kwenda kwenye faili ya XML, kisha akaiweka katika sera za kikundi ili isomwe kila mtu anapoingia katika akaunti yake. Mtumiaji hubadilisha jioni, asubuhi anakuta yamerudi. Kama mashine hiyo haikufutwa na kusakinishwa upya, sera za ofisi ya zamani zinaweza kuwa bado zimo.

#22 Mkaguzi_SouthB

Faili ya XML iliyoandikwa katika ofisi ya Uingereza haiwezi kujua jina la kisomaji cha skana kilichonunuliwa Nairobi juzi. Sera hizo pia hulenga mashine zilizounganishwa na domeni ya ofisi. Na kwa faida ya wasomaji wengine: ukiingiza XML hiyo kwa DISM bila sera, huathiri akaunti mpya tu, aliyekwisha kuwa na akaunti haguswi.

#23 Mzalendo_Donholm

Nilikuwa nikijiuliza kama asili ya Uingereza ya mashine hiyo inaleta tofauti. Ulaya ina sheria zake kuhusu masoko ya kidijitali, na Microsoft ilitozwa faini ya yuro milioni 561 mwaka 2013 kwa kutowaonyesha watu skrini ya kuchagua kivinjari. Huenda laptopu ya ex-UK ina tabia za Ulaya.

#24 Mkaguzi_SouthB

Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na masharti ya sheria hiyo mpya yalianza kuwabana wakubwa Machi 2024. Isitoshe, Windows hutazama eneo lililochaguliwa wakati mashine inaandaliwa kwa mara ya kwanza. Mahali kasha lilipotoka haliangalii. Aliyeiandaa upya dukani huko Luthuli, Nairobi, akichagua Kenya, ni mashine ya Kenya.

#25 Mama_Saiba

Nimesoma uzi wote na nina swali ambalo wataalamu hawajauliza. Mchapaji, dukani ni nani mwingine anayetumia mashine hiyo, na kwa akaunti gani?

Ninauliza kwa sababu saiba yangu iko Githurai na nimeliona hili mara nyingi. Ukisakinisha programu yoyote inayojiandikisha vizuri, kwa njia ileile anayoisifu Mtunzi, Windows hugundua kuna mgeni anayeweza kufungua PDF. Safari inayofuata mtu anapobofya faili, inaweza kumletea dirisha la kuchagua, jina la mgeni likiwa limewekewa alama kwamba ni jipya. Kijana mwenye foleni ya wateja mbele yake hawezi kusoma dirisha hilo. Atabofya kilicho karibu na kidole chake.

#26 Mchapaji_RiverRoad

Tuko wawili, mimi na kijana wa zamu ya jioni, na akaunti ni moja. Sikuwahi kuliona dirisha hilo.

#27 Mama_Saiba

Wewe hukuliona.

#28 Zamu_ya_Jioni

Salaam. Mimi ndiye kijana wa zamu ya jioni, na nimo katika jamvi hili kabla mwajiri wangu hajajiunga. Sikubofya dirisha lolote la kuchagua. Nilipofika kazini siku hiyo, PDF zilikuwa tayari zinafunguliwa na kisomaji kipya, nami nikadhani Mzee ameamua tubadilishe. Kadi za kwanza zilizoharibika zilichapishwa saa nane mchana. Mimi huingia saa kumi na moja. Tarehe na saa zimo katika historia ya kazi za printa, kama haijafutwa.

#29 Kiranja_Umoja

Uzi umekuwa kikao cha nidhamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja na skana, mwenyeji anatafuta wakili.

#30 Mchapaji_RiverRoad

Hakuna anayeshtakiwa. Nimetazama historia ya printa na saa nane ni kweli. Kabla ya hapo ni mimi peke yangu niliyekuwa kwenye mashine, na faili ya kadi niliifungua kwa kubofya mara mbili, ikafunguka moja kwa moja bila dirisha.

#31 Fundi_Ngara

Basi tumerudi kwenye mkono ulioandika, na kwa mashine isiyo na masasisho ya 2024, nadharia ya Mzalendo kuhusu hashi ya kughushi inasimama. Sipendi kukubaliana naye, lakini inasimama.

#32 Msimamizi_Maabara

Inasimama kwa mguu mmoja. Kisomaji cha namna hii kikifunguliwa mara ya kwanza, hukuuliza chenyewe kama unataka kiwe cha kudumu, na kuna vinavyokufungulia ukurasa wa mipangilio ya Windows ukamilishe mwenyewe. Mchapaji, ulipomaliza kusakinisha, kisomaji kilijifungua chenyewe?

#33 Mchapaji_RiverRoad

Kilijifungua na kuonyesha mwongozo wa skana. Nikaufunga. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa kukaribisha ambao nao niliufunga kwa alama ya X.

#34 Mama_Saiba

X ya wapi? Kuna jumbe ambazo X yake ni sawa na ndiyo.

#35 Mtunzi_wa_Programu

Hizo zipo, na ni aibu kwa taaluma.

#36 Mtumiaji_wa_Mac

Kwa upande wa Mac, unachagua faili, unafungua taarifa zake, unabadilisha "Fungua kwa" kisha unabofya "Badilisha zote". Sijawahi kupata shida.

#37 Mwalimu_Kasarani

Na kwenye simu za Android je? Huko ukichagua "Daima", halafu ukasakinisha programu nyingine inayoweza kazi ileile, mfumo wenyewe unaweza kulitupilia mbali chaguo lako la zamani na kukuuliza upya, kwa hoja kwamba orodha imebadilika na huenda ungependa kujua. Kwa kweli naona hiyo ni heshima kuliko ya huku kwenu. Kuulizwa tena kunaudhi, lakini umeulizwa.

#38 Mhasibu_Buruburu

Mwalimu, mtu akiulizwa kila siku huacha kusoma swali. Mama Saiba amekwisha kulisema hilo kuhusu foleni. Mimi ningependelea nisiulizwe na nisibadilishiwe. 7-Zip, kwa mfano, ikisakinishwa hukaa kimya hadi uingie mwenyewe katika mipangilio yake uipe viendelezi, na sijasikia mtu akilia kwamba imemkosesha kitu.

#39 Mtunzi_wa_Programu

Watumiaji wa 7-Zip si wateja wangu, Mhasibu. Wangekuwa ndio, ningelala mapema.

Tuache kubashiri. Mchapaji akinitumia jina na toleo la programu hiyo kwa ujumbe wa faragha, nitaisakinisha katika mashine pepe huku Process Monitor ikirekodi kila kinachoandikwa chini ya FileExts, na hapo tutaona ni mchakato upi uliogusa UserChoice na saa ngapi. Ikiwa ni kisakinishi, Mzalendo na Fundi wamepata. Ikiwa ni dirisha la Windows baada ya mbofyo, ni la Mama Saiba.

#40 Mkaguzi_SouthB

Fanya mara mbili, yenye draiva ya UCPD na isiyo nayo, la sivyo tutabishana tena. Na uifungue kwa akaunti ambayo kisomaji cha zamani kimekwisha kuchaguliwa kwa mkono, kwa sababu mashine pepe mpya haina chaguo la mtumiaji la kunyang'anywa.

#41 Msimamizi_Maabara

Na kisomaji cha zamani kiwe toleo lilelile la Mchapaji, kabla ya kujiboresha. Nadharia ya kiti kitupu bado sijaizika.

#42 Mchapaji_RiverRoad

Nimetuma jina na toleo. Kwa sasa nimewafungulia wafanyakazi akaunti yao isiyo ya msimamizi, na kadi tunazifungua kwa kutangulia kufungua kisomaji, kisha faili ndani yake. Mtunzi, ukiisakinisha, tazama pia .tif. Nimegundua leo kwamba nayo imechukuliwa, na hiyo hata sikuwahi kuichagulia programu.

#43 Mtunzi_wa_Programu

Nimeupata ujumbe. Kisakinishi ni kikubwa kuliko nilivyotarajia, nakipakua usiku wakati bando ni nafuu.